Pumzi Ndiyo Hesabu: Jinsi Wataalamu Wanavyopima Nguvu Zinazotumiwa na Mwili

Katika mji wa Jinja, upande wa Nalufenya, ndipo ilipo sehemu ya watoto ya Hospitali ya Rufaa ya Jinja. Akina mama huja hapo kutoka Walukuba, Bugembe, Mafubira na hata Njeru ng'ambo ya mto Nile. Wake wa polisi na wa wanajeshi wamo, na wake wa wakata miwa wamo pia. Mama akiulizwa habari za mwanawe, aghalabu huanza na homa, au kuhara, au kikohozi. Ni nadra kumsikia mama akilalamika kwamba mtoto wake ametulia mno. Kwa watu wengi utulivu ni sifa. Mtoto asiyelia, asiyekimbia, asiyevunja kikombe, akaaye pale pale alipowekwa mkekani mpaka jua linapogeuka, husifiwa na majirani kwamba ana adabu njema.

Lakini yako maarifa, yaliyokusanywa kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka 200, yanayoonyesha kwamba utulivu wa namna hiyo huenda usiwe adabu hata kidogo. Huenda ukawa ni hesabu. Mwili uliopungukiwa na chakula hukata matumizi yake kama vile mtu aliyepunguziwa mshahara, na mwili wa mtoto mdogo hukata mchezo mapema. Maarifa haya hayakupatikana kwa kumkodolea mtoto macho tu. Yalianza kwa mnyama mdogo aliyefungiwa katikati ya barafu, yakapitia kwa samaki wa ziwa hili hili lililo mlangoni mwa Jinja, kwa panya waliobebeshwa mizigo mgongoni, na kwa wanawake wa Kenya wenye mizigo kichwani.

SIMBILISI NDANI YA BARAFU

Wakati wa baridi kali ya mwaka 1782 kuingia 1783, mjini Paris, wataalamu wawili wa Kifaransa, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, walimtia simbilisi ndani ya chombo walichokibuni wenyewe. Simbilisi ni yule mnyama mdogo wa kufugwa, mfano wa sungura aliyenyimwa masikio marefu. Chombo kilikuwa na vyumba vitatu, kimoja ndani ya kingine. Katika chumba cha katikati alikaa mnyama. Chumba kilichomzunguka kilijazwa barafu. Chumba cha nje kabisa nacho kilijazwa barafu, ili joto la nyumba lisipenye na kuharibu kipimo.

Wazo lao lilikuwa jepesi. Barafu ya chumba cha pili haiwezi kuyeyuka ila kwa joto la mnyama. Basi maji yanayochuruzika ndiyo kipimo cha joto hilo. Baada ya saa 10 yalipatikana maji ya karibu gramu 400. Inajulikana kwamba kilo moja ya barafu huhitaji kilokalori 80 ili iyeyuke, na kilokalori moja ni joto linalotosha kuipandisha lita moja ya maji kwa digrii moja. Kwa hiyo mnyama yule alitoa kilokalori 32 hivi, sawa na nguvu zilizomo katika vijiko viwili vidogo vya sukari.

Wakapima pia hewa ya ukaa aliyoitoa mnyama puani, ile ile itokayo kwenye jiko la makaa, wakailinganisha na ile inayotolewa na makaa yanayoungua. Wakaona kwamba mambo hayo mawili ni ya ukoo mmoja, na kwamba kupumua ni kuungua, ila ni kuungua polepole, kusiko na mwali wa moto. Lavoisier hakuishi kuyaendeleza sana mambo haya. Alikuwa mmoja wa wakusanyaji wa kodi za mfalme, na Mapinduzi ya Ufaransa yakamkata kichwa mwaka 1794.

Kipimo chake kilikuwa na kasoro, na yeye mwenyewe na mwenziwe waliitambua. Mnyama aliyezungukwa na barafu huona baridi, na mwenye baridi huchoma chakula zaidi ili apate joto. Kwa hiyo kifaa chenyewe kilibadilisha kitu kilichokuwa kikipimwa. Kosa hili halijafa hata leo. Katika maabara nyingi za Ulaya na Marekani panya wadogo huwekwa katika vyumba vyenye joto la digrii 20 hadi 22, kwa sababu wahudumu waliovaa makoti hustarehe humo. Panya mdogo asiye na nguo hustarehe karibu na digrii 30. Panya hao hutumia sehemu kubwa ya chakula chao kwa kujipasha moto tu, na mtaalamu asiyelikumbuka hilo huandika habari za panya anayetetemeka akidhani ameandika habari za panya.

SANDUKU NA PUMZI

Barafu ni kazi nzito, na joto ni kitu kigumu kukamata. Kwa sababu hiyo wataalamu waliofuata waliacha kulikimbiza joto wakaifuata pumzi. Kama chakula huungua kwa oksijeni, basi mwenye kujua oksijeni iliyotumika anajua pia nguvu zilizotoka. Kila lita moja ya oksijeni itumiwayo na mwili hutoa takriban kilokalori 5. Mtu mzima aliyelala kimya hutumia kama robo lita ya oksijeni kwa dakika moja. Hesabu ni nyepesi hata kwa mtoto wa shule. Kwa saa moja ni lita 15, yaani kilokalori 75, na kwa siku nzima ni 1,800, kabla askari huyo hajainua hata kidole wala kufunga kamba za buti. Moyo, ubongo, ini na figo havina likizo.

Siku hizi mnyama wa maabara huwekwa katika sanduku lisilovuja. Hewa safi huingizwa upande mmoja kwa mwendo unaojulikana, na upande wa pili hewa itokayo hupitishwa kwenye chombo cha kupimia. Hewa ya kawaida ina oksijeni sehemu 20.9 katika 100. Ikitoka na 20.4, tofauti hiyo ndogo ndiyo aliyoitumia mnyama. Kwa kuwa tofauti ni ndogo, tundu la upana wa sindano, au unyevu uliosahauliwa katika bomba, hutosha kuiharibu kazi ya wiki nzima.

Sanduku hilo husema pia ni chakula cha namna gani kinachoungua. Mnyama anapochoma wanga, hewa ya ukaa anayoitoa hulingana na oksijeni anayoivuta. Anapochoma mafuta, hutoa sehemu 7 tu kwa kila sehemu 10 alizovuta. Mtaalamu aweza kukaa nje ya sanduku akajua ya kuwa panya aliyekula jioni amemaliza wanga usiku na asubuhi ameanza kula akiba ya mafuta yake mwenyewe.

Jambo moja zaidi lazima lisemwe kabla ya kuondoka kwenye sanduku. Viumbe havilinganishwi kwa kilo peke yake. Max Kleiber, Mswisi aliyefanya kazi Marekani, alionyesha mwaka 1932 kwamba mnyama mkubwa hutumia nguvu chache kwa kila kilo kuliko mdogo. Kwa kanuni yake, kilo moja ya panya wadogo huchoma chakula mara 20 hivi kuliko kilo moja ya tembo. Kila mzazi ameliona jambo hilo bila kanuni. Mtoto wa mwaka mmoja, kilo kwa kilo, hula kumshinda baba yake, na asipopata, huishiwa mapema kuliko baba yake.

SAMAKI ALALAYE MATOPENI

Jinja ni mji wa samaki, na kituo cha utafiti wa samaki kilianzishwa hapo mwaka 1947. Hakuna mvuvi wa Masese asiyemjua emmamba. Msomaji wa Kiswahili asishtuke. Mamba wa Kiganda na Kisoga si yule mwenye meno aliyelala ukingoni mwa mto, bali ni samaki mrefu mwenye mapafu ambaye Wajaluo humwita kamongo. Waganda wana ukoo mkubwa wenye jina lake, na wenye ukoo huo hawamli.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 mtaalamu wa Kimarekani aitwaye Homer Smith, aliyekuwa bingwa wa mambo ya figo, alifunga safari hadi Ziwa Victoria kumtafuta samaki huyu. Matokeo ya vipimo vyake aliyachapisha mwaka 1930. Kilichomvuta ni habari iliyojulikana kwa wenyeji tangu zamani, ya kwamba kinamasi kikikauka, kamongo hujichimbia matopeni, hujikunja mkia juu ya kichwa, hujifunika kwa mfuko mwembamba wa ute uliokauka, akaacha tundu dogo la kupumulia, kisha akangoja mvua. Hali, hanywi, hakojoi. Katika maabara amepata kukaa hivyo kwa zaidi ya mwaka, akarudishwa majini akaogelea.

Je, anaishi kwa nini? Pumzi yake ndiyo iliyojibu. Samaki aliyelala matopeni hutumia oksijeni kidogo sana kuliko anapoogelea. Ameupunguza moto wa jiko mpaka ukabaki makaa mawili matatu ya kutunza joto la chungu. Hata hivyo makaa hayo lazima yapate kuni, na kuni ni nyama yake mwenyewe. Anakula misuli yake taratibu. Uchafu utokao katika kuchoma nyama ni amonia, ambayo ni sumu, na hana maji ya kuioshea. Kwa hiyo huigeuza kuwa yurea, isiyodhuru sana, akaiweka akiba mwilini mpaka siku ya mvua. Hilo ndilo lililomshangaza bingwa wa figo kuliko yote.

Kumpima samaki huyu kulikuwa na mtego wake. Samaki wa kawaida hupimwa kwa kumtia katika chupa ya maji iliyozibwa na kuangalia oksijeni inavyopungua majini. Kamongo mzima, aliye macho majini, huvuta karibu sehemu 9 katika 10 za oksijeni yake kutoka hewani, kwa kupandisha pua juu ya maji. Lakini hewa ya ukaa anaitoa zaidi kwa kupitia majini. Anavuta juu, anatoa chini. Mpimaji aliyepima maji peke yake angeandika kwamba samaki huyu karibu haishi. Aliyepima hewa peke yake angeona oksijeni inapotea na asione inakokwenda. Kwa sababu hiyo wapimaji waliokuja baadaye walitengeneza vyombo vyenye sehemu mbili, moja ya hewa na moja ya maji, kila moja na kipimo chake, kama duka lenye madaftari mawili ambayo lazima yasomwe pamoja.

PANYA MWENYE MKOBA, NA AKINA MAMA WA KENYA

Askari anayesoma ukurasa huu huenda akauliza samaki wa matopeni anamhusu nini yeye aliyebeba mkoba wa kilo 20 kutoka asubuhi. Nalo swali hilo lina jibu lililotoka katika pumzi.

Mwaka 1980 C. Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya kuwakimbiza panya, mbwa, farasi na watu juu ya mashine ya mkanda unaozunguka, wakiwa wamefungwa mizigo mgongoni. Mkanda hukimbia kurudi nyuma, mkimbiaji hubaki alipo, na pumzi yake hukusanywa. Matokeo yalikuwa ya kunyooka kama kamba ya fundi. Mzigo ukiwa moja ya tano ya uzito wa mnyama, matumizi ya oksijeni yalipanda kwa moja ya tano. Panya hakumshinda farasi, wala mtu hakumshinda mbwa. Kila gramu ililipiwa.

Taylor alikuwa amefanya kazi Kenya kwa miaka mingi pamoja na Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na hapana shaka wote wawili walikuwa wameona kila siku barabarani jambo lisilopatana na hesabu hiyo. Mwaka 1986 Maloiy, Taylor na wenzao walitangaza vipimo vya wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Walipotembea juu ya mkanda na mzigo uliofikia moja ya tano ya uzito wao, pumzi yao haikuongezeka. Mama wa kilo 60 alibeba kilo 12 kana kwamba hakubeba kitu. Baada ya kiwango hicho matumizi yalianza kupanda, lakini yalibaki chini ya yale ya wanaume waliobeba mikoba mgongoni.

Mwaka 1995 ilielezwa kwamba siri imo katika mwendo. Mtu anayetembea hupanda na kushuka kama timazi ya saa inayobembea, na kila hatua hupoteza nguvu kidogo. Wanawake hawa, wakiwa na mzigo, hupoteza kidogo kuliko kawaida. Lakini hadithi haikuishia hapo. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2010 juu ya wanawake wa Kixhosa haukuona nafuu hiyo, ila uliona tofauti kubwa baina ya mama mmoja na mwingine. Ni vyema habari hii ya pili itajwe, maana ile ya kwanza imerudiwa mno, na wako waume wanaoweza kuifanya kuwa sababu ya kuendelea kukaa kivulini mke anapopandisha maji kutoka mtoni. Hata wale wa 1986 hawakubeba bure mzigo mzito, na shingo ina hesabu yake isiyosomwa katika pumzi.

MAJI YENYE ALAMA

Sanduku na mkanda vina upungufu mmoja mkubwa. Aliyefungiwa haishi maisha yake. Doria ya usiku, kulima, kugombana na jirani, havifanyiki ndani ya sanduku. Mwaka 1955 Nathan Lifson na wenzake huko Minnesota, Marekani, walionyesha njia nyingine, wakaijaribu kwa panya wadogo. Kiumbe hupewa maji ambayo haidrojeni yake na oksijeni yake ni za uzito usio wa kawaida, zenye kutambulika kama fedha zilizotiwa alama. Maji hayo hayadhuru. Haidrojeni yenye alama hutoka mwilini kwa njia ya maji tu, yaani mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Oksijeni yenye alama hutoka kwa maji na pia kwa hewa ya ukaa. Baada ya siku kadhaa mkojo au damu hupimwa. Tofauti ya kasi ya kupotea kwa alama hizo mbili ni hewa ya ukaa iliyotoka, na hewa ya ukaa ni kuni zilizoungua. Walilinganisha hesabu hiyo na hewa ya ukaa waliyoikamata kweli kutoka kwa panya wale wale, zikakubaliana. Gharama ya maji hayo ilikuwa kubwa mno kwa mtu mzima, na hayakutumiwa kwa binadamu mpaka mwaka 1982.

Kwa njia hiyo Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe 30 wa Tanzania, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi, wakatangaza matokeo mwaka 2012. Kila mtu alitazamia kwamba watu watembeao kutwa watakuwa wamechoma nguvu nyingi kuliko makarani wa Ulaya na Marekani. Haikuwa hivyo. Wanaume walitumia karibu kilokalori 2,600 kwa siku na wanawake karibu 1,900, na ukizingatia ukubwa wa mwili, hawakupitana na wale wa mezani. Wataalamu bado wanabishana juu ya sababu. Wengi huelekea kusema kwamba mwili unaotembea sana hubana matumizi mahali pengine pasipoonekana.

WATOTO WA UGANDA, 1972

Uganda yenyewe ina nafasi ya heshima katika habari hizi. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, palikuwa na kituo cha Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kilichochunguza utapiamlo wa watoto. Mwaka 1972 wataalamu wawili wa kituo hicho, Ingrid Rutishauser na Roger Whitehead, walichapisha uchunguzi juu ya watoto wa Uganda wa umri wa mwaka 1 hadi 3, waliokuwa wakiishi kijijini. Walipima chakula walichokula watoto hao na nguvu walizotumia.

Watoto walikula chini sana ya kiwango kilichokuwa kikipendekezwa. Kwa hesabu ya kawaida wangepaswa kukonda mbele ya macho ya kila mtu. Hawakukonda hivyo. Deni lilikuwa limelipwa mahali pengine. Watoto walikaa zaidi, walisimama zaidi, wakatembea na kukimbia kidogo kuliko watoto wa Ulaya wa umri wao. Mwili ulikuwa umepunguza mchezo ili upate cha kukulia. Mizani haikulionyesha jambo hilo, wala mama hakuliona, kwa kuwa kila mtoto wa jirani alikuwa amekaa vivyo hivyo.

Mtu aliyesoma habari za samaki wa matopeni hatastaajabu. Lakini hapa panahitajika tahadhari, maana wanyama hawasemi neno moja wote. Panya wa maabara aliyepunguziwa chakula, akiwa na gurudumu la kuchezea, hafanyi kama mtoto wa Uganda. Hukimbia zaidi, na panya aliyepewa saa moja tu ya kula kwa siku hupata kukimbia mpaka akafa. Yamkini porini panya mwenye njaa husaidiwa na kwenda mbali kutafuta. Mtoto wa miaka miwili haendi popote kutafuta. Hungoja aletewe. Aliyejifunza njaa kwa panya peke yake angemtazama mtoto aliyetulia akasema huyu ameshiba.

CHUNGU KILICHOPUNGUZWA MOTO

Haya yote hukutana katika wodi. Mtoto aliyeletwa akiwa na utapiamlo mkali ni mwili uliokwisha kupunguza kila jiko. Moyo hupiga kwa unyonge, figo hufanya kazi nusu, utumbo umekuwa mwembamba, na joto la mwili hushuka upesi usiku. Shangazi mwenye huruma angemletea sahani ya posho na maharagwe papo hapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakataza jambo hilo. Mtoto huanza na maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 katika mililita 100, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, jumla isizidi sana kilokalori 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Hufunikwa vizuri, hulala kifuani kwa mama, kwa kuwa kila kalori inayokwenda kwenye kutetemeka imeibwa kutoka kwenye kupona. Hamu ya kula ikirudi ndipo hupandishwa kwenye F-100 au chakula cha karanga cha pakiti. Kulisha kwa haraka moyo uliolala kumepata kuua watoto waliokwisha kuvuka hatari ya njaa.

Nyumbani mambo hayajafika huko, na hesabu ni nafuu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anahitaji kama kilokalori 900 kwa siku. Akinyonya vizuri, kama 550 kati ya hizo zitoke katika chakula. Tumbo lake huchukua gramu 30 kwa kila kilo ya uzito, yaani kikombe kimoja cha mililita 300 kwa mtoto wa kilo 10. Uji mwepesi wa unga wa mahindi, ule unaomiminika kama chai, una kilokalori 25 hivi katika mililita 100. Kikombe kizima ni 75. Ili afikishe 550 kwa uji huo angepaswa kunywa vikombe zaidi ya 7, jambo lisilowezekana. Tumbo limejaa, mama ameridhika, na mtoto ana njaa. Kijiko kimoja kidogo cha mafuta huongeza kilokalori 40. Kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa huongeza 90. Kikombe kile kile sasa kina zaidi ya 200, na vitatu kwa siku vinatosha. Mukene waliokaushwa vizuri wakatwangwa unga, wapatikanao sokoni Jinja bila shida, huleta kile ambacho mafuta hayana, yaani nyama ya kujengea mwili.

Wahudumu wa afya wana utepe wa kupimia mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 115 ni hatari, na kati ya 115 na 125 ni onyo. Miguu yote miwili ikivimba, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama utepe hausemi kitu. Lakini utepe huja baada ya miezi. Mama na baba wana kipimo cha mapema zaidi. Mtoto alikimbia mara ngapi leo? Alimfuata kuku? Alimnyang'anya ndugu yake kitu? Afande arudiye nyumbani baada ya mwezi kambini, akamkuta mwanawe haji mlangoni, asimsifu mama kwa malezi. Aulize mtoto amekula nini.

Katika mwongozo ule ule wa Shirika la Afya Duniani, baada ya sukari ya damu, joto, maji, dawa na maziwa, imeandikwa kazi nyingine ambayo wazazi wengi huiona mzaha. Mtoto anayepona apewe mchezo uliopangwa, dakika 15 hadi 30 kila siku, pamoja na mama yake. Vifaa si vya kununua. Hutosha chupa tupu ya plastiki yenye vijiwe ndani, vifuniko vilivyotungwa kwenye uzi, na mpira uliosokotwa kwa majani makavu ya mgomba.